Kaye, Excel, programu ya dukani au ya mtandaoni: ipi ishike hesabu ya depo yako Lubumbashi?

Tuchukue depo moja ya kawaida ya Lubumbashi. Iko komini ya Kenya, karibu na soko. (Wasomaji wa Nairobi na Mombasa wasishtuke, Kenya hii ni mtaa wetu.) Inauza unga, mafuta ya kula, simenti, misumari na mabati. Mali inapita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na inalipiwa kwa dola. Kaunta inapokea faranga, dola, na pesa za simu. Kuna depo ya pili Ruashi, inashikwa na mdogo wake mwenye mali. Mwenyewe anasafiri sana: leo yuko Lusaka, wiki ijayo Dar es Salaam. Watu wameanza kumwuliza, "Papa, mpaka leo uko kwa kaye?" (kaye ni daftari la hesabu), na kila muuza programu anayepita ana dawa yake mkononi.

Depo kama hiyo ina njia nne za kushika hesabu: kaye, Excel kwenye laptopu, programu iliyofungwa kwenye kompyuta ya dukani, au programu ya mtandaoni inayolipiwa kila mwezi. Wauzaji huzilinganisha kwa wingi wa mambo zinayoweza kufanya, na kwa kipimo hicho ya bei kali hushinda daima. Mimi napima kwa swali jingine: hesabu ikikosewa leo, nani ataliona kosa, na lini? Mfumo wa habari unaleta faida kwa sababu watu wanauamini na wanaamua kwa kuutegemea: waagize nini, wamkopeshe nani, wamfukuze nani. Hasara inaingia kwa mlango huohuo. Kadiri mfumo unavyoaminika, ndivyo kosa lake linavyosafiri mbali kabla ya mtu kulishtukia.

| | Kaye | Excel | Programu ya dukani | Programu ya mtandaoni |
|---|---|---|---|---|
| SNEL ikikata umeme | kazi inaendelea | mpaka betri iishe | inasimama bila betri ya akiba | inaendelea kwa simu yenye chaji |
| Intaneti ikikatika | haihusiki | haihusiki | haihusiki | inategemea programu; jaribu kabla ya kununua |
| Kiwango cha dola | kinaandikwa kwa mkono | mtego mkubwa | kila mauzo yawe na kiwango chake | vilevile |
| Depo mbili | hazijuani | mafaili mawili yanagombana | inawezekana, kwa gharama | hapa ndipo nguvu yake ilipo |
| Kosa linaonekana | jioni ileile | labda kamwe | likitafutwa | likitafutwa, hata ukiwa Lusaka |
| Mtu anayekushika | mwenye mwandiko | mwenye fomula | fundi | kampuni ya nje |

Jedwali hilo halitoshi kuchagulia, kwa sababu uzito wa mistari haulingani. Mwenye depo moja asiyesafiri aufute mstari wa depo mbili kabisa.

Kaye

Kaye inadharauliwa bure. Haijui delestaji (umeme wa zamu), haihitaji mega za intaneti, na kijana anayejua kusoma na kuandika anaizoea siku ya kwanza. Tena ina ulinzi ambao programu nyingi hazina: aliyefuta, amefuta mbele ya macho ya watu. Mstari uliokatwa unaonekana, ukurasa uliochanwa unaacha meno, na mwandiko unajulikana ni wa nani. Kosa la kaye ni la mstari mmoja, na kwa kawaida linakamatwa jioni ileile makuta (pesa) yanapohesabiwa.

Sheria nayo haimfukuzi mdogo kwenye kaye. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za pamoja za biashara, mwaka 2012, na utaratibu wa hesabu wa OHADA unawaachia wafanyabiashara wadogo kabisa njia nyepesi: kuandika fedha zilizoingia na zilizotoka. Mama anayeuza vitenge Katuba kwenye meza moja asikubali kuuziwa kompyuta na mtu yeyote. Kaye mbili zinamtosha, moja ya mauzo na moja ya madeni, na kila jioni apige picha ukurasa wa siku hiyo amtumie mtoto wake aliye mji mwingine.

Udhaifu wa kaye ni kwamba haijibu maswali. Kila kitu kimo ndani, lakini mwulize mwenye depo ni wateja gani hawajalipa kwa siku 60, au mfuko mmoja wa simenti ulimbakishia nini baada ya lori, ushuru wa mpakani na mifuko iliyopasuka njiani. Atakesha na kaye na bado atakisia. Kwa maoni yangu hapo ndipo depo nyingi zinapovuja kuliko kwa wezi. Mtu anaona sanduku limejaa jioni, anadhani ni faida, kumbe sehemu kubwa ni dola za kurudisha Kasumbalesa kesho. Na kama faranga imeteleza kati ya siku aliyouza na siku ya kununua dola, ameuza kwa hasara huku akitabasamu.

Halafu kaye ni moja tu. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na siku tano baadaye serikali ya mkoa ikaamuru sehemu kubwa ya mji wa Goma ihame. Watu waliondoka na watoto na magodoro. Sidhani kama kuna aliyebeba hesabu za miaka kumi kichwani. Na miaka kumi ndiyo sheria ya OHADA inayodai: vitabu vya hesabu na vithibitisho vyake vitunzwe muda huo wote. Sisi hatuna volkano, ila tuna panya na mvua za Januari.

Excel

Excel ni kituo ambacho wengi wanakipita wakidhani wamefika.

Faida yake ni ya kweli. Orodha ya madeni inapangika mara moja kuanzia la zamani zaidi, jumla ya mwezi inatoka yenyewe, na mtu anaweza kujaribu mambo kabla hayajatokea: simenti ikipanda dola moja kwa mfuko, faida inabaki ngapi? Kwa kuuliza maswali ya namna hiyo sijui chombo kingine cha bei hiyo kinachoifikia.

Kwa kushika kaunta, hapana. Angalia kiwango cha dola, ambacho ni maradhi ya depo zetu zote. Kijana anatengeneza faili vizuri sana: anaweka kiwango cha leo kwenye kisanduku kimoja juu, na mistari yote ya mauzo inasoma kiwango kutoka hapo. Siku ya kwanza kila kitu ni safi. Kiwango kinabadilika, anaandika kipya, na palepale mauzo ya jana, ya juzi na ya mwezi uliopita yote yanajihesabu upya kwa kiwango cha leo. Hakuna kengele inayolia. Faida ya Machi inabadilika mwezi wa Mei na hakuna mtu aliyegusa Machi. Dawa ni rahisi, kila mstari ubebe kiwango cha siku yake, kilichoandikwa na kisichoguswa tena. Lakini lazima kwanza mtu ajue kwamba maradhi yapo, na faili lenyewe halitamwambia.

Wakubwa wanaangukia humohumo. Mwanzoni mwa Oktoba 2020, wakuu wa afya ya umma wa Uingereza waligundua kwamba wagonjwa 15,841 wa korona wa wiki iliyopita hawakuwa kwenye hesabu ya taifa. Majibu ya maabara yalikuwa yakipakiwa kwenye faili la Excel la muundo wa zamani, ambalo mwisho wake ni mistari 65,536. Yaliyozidi yalidondoka kimya, na wale ambao wagonjwa hao walikutana nao walichelewa kutafutwa. Kwa hiyo kwenye swali langu la nani ataona kosa, Excel naipa jibu baya kuliko zote nne, kaye ikiwemo.

Kuna pia mpwa. Faili la depo mara nyingi limetengenezwa na mpwa mmoja aliyesoma UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), na fomula zake anazielewa yeye peke yake. Siku akipata kazi Kolwezi anaondoka na maana ya faili, zinabaki namba.

Programu ya dukani

Hapa nasema programu ya mauzo na hesabu iliyofungwa kwenye kompyuta ya depo yenyewe, iwe Sage, iwe Odoo, iwe iliyoandikwa na fundi wa hapa mjini. Data inakaa kwako. Kila mauzo yanatoa fakitire (ankara) yenye namba inayofuatana, stoki inajipunguza, TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 inajihesabu, na mwisho wa mwezi mhasibu anakuta akaunti zimekwisha kupangwa kwa namba za OHADA: 41 kwa wateja, 40 kwa wanaotuuzia mali, 57 kwa sanduku. Ukiletewa programu kutoka Marekani isiyojua namba hizo, mpigie mhasibu wako kabla ya kulipa. Huenda akakwambia kwamba kazi yote ataiandika tena kwa mkono.

Faida kubwa zaidi ya programu kama hiyo, kwa mji wa migodi kama wetu, iko nje ya duka. Sheria ya tarehe 8 Februari 2017 inawatengea Wakongomani kazi ambazo makampuni makubwa, migodi ikiwemo, yanawapa makandarasi wadogo wa nje. Mwenye depo yetu anaweza kabisa kupeleka simenti, mabati au chakula huko. Lakini ofisi ya manunuzi ya mgodi haipokei ukurasa wa kaye. Inataka fakitire yenye namba ya kodi, TVA imetengwa, karatasi ya kupokelea mali imeambatishwa, kisha inalipa baada ya mwezi mmoja au miwili. Asiyeweza kufuatilia ni fakitire ipi imelipwa na ipi imekwama atakuwa na mauzo makubwa kwenye karatasi na kukosa pesa ya lori. Benki pia, ukiomba mkopo, inataka kuona mienendo ya miezi mingi, na hapo programu inakufungulia mlango ambao bidii ya kaunta peke yake haiufungui. Tena DGI, mamlaka ya kodi, yenyewe inaingiza fakitire sanifu, zinazopita kwenye vifaa au programu inazozitambua. Muuzaji aonyeshe kwa maandishi programu yake imesimama wapi katika jambo hilo.

Hatari zake zinajulikana, nitazipita haraka isipokuwa moja. Umeme ukikatika wakati programu inaandika, faili la data linaweza kuharibika. Betri ya kuipa kompyuta dakika za kuzimwa kwa utaratibu inunuliwe siku moja na programu yenyewe. Programu iliyovunjwa ufunguo, ile inayozunguka mjini kwenye flashi, usiiguse: aliyeivunja hakufanya sadaka. Na fundi aliyeiandika atoe njia ya kuchota data yote kwa mafaili ya kawaida, tena aonyeshe kabla hajalipwa salio.

Hatari ya kukaa nayo ni nakala ya akiba. Tarehe 27 Juni 2017 virusi vilivyopewa jina la NotPetya vilitapakaa kutoka Ukraine. Mlango wake ulikuwa M.E.Doc, programu ya hesabu na kodi ambayo biashara nyingi za huko zilikuwa zikiitumia kila siku. Sasisho lake la kawaida ndilo lililobeba sumu. Kampuni ya meli ya Maersk ilikumbwa, ikalazimika kufunga upya seva 4,000 na kompyuta 45,000, na hasara yake ikakadiriwa kati ya dola milioni 250 na 300. Mashine zake zilizokuwa zikitunza orodha ya watumiaji na kompyuta zote zilitawanywa duniani ili moja ikifa nyingine ishike, lakini kwa kuwa zilikuwa zikiongea zenyewe kwa zenyewe muda wote, zilifutika pamoja. Ilisalimika moja, Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika kule na mashine haikuwa mtandaoni. Mimi mteja wa SNEL nimeipenda hadithi hiyo kupita kiasi.

Kwa depo yetu maana yake ni diski mbili za nje. Moja inachomekwa jioni, inapokea nakala, inachomolewa. Ya pili inakaa nyumbani kwa mwenye mali, na zinabadilishana kila Jumamosi. Diski inayobaki imechomekwa usiku na mchana itakufa pamoja na kompyuta.

Skrini ikisema keshia ameiba

Hili sijaliona kwenye tangazo la programu yoyote, na kwangu ndilo zito kuliko yote.

Posta ya Uingereza ilianza mwaka 1999 kuweka kwenye matawi yake mfumo wa kaunta ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha kwenye matawi madogo. Wasimamizi wa matawi hayo walitakiwa kufidia, na wengi walifidia kwa akiba zao. Wapo waliopoteza nyumba. Wengine walishtakiwa kwa wizi na kughushi hesabu. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani, na baadhi wakafungwa. Wengi wao, walipopiga simu kuomba msaada, waliambiwa kwamba ni wao peke yao wenye tatizo. Ilikuwa Desemba 2019 ndipo Mahakama Kuu ilipoamua kwamba mfumo wenyewe ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzaa upungufu wa uongo, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu hizo kwa jumla.

Depo zetu zina desturi ileile, bila majaji. Upungufu wa jioni unakatwa kwenye mshahara wa keshia. Kwenye kaye keshia ana pa kusimama: anafungua ukurasa na kusema, "Papa, angalia hapa, kijana aliandika 48, mteja alinipa 43." Kwenye skrini kuna jumla moja, na jumla hiyo ina sauti ya mashine isiyojua kusema uongo.

Hebu tuone upungufu wa uongo unavyozaliwa. Kiwango cha dola kimeingizwa asubuhi, soko limebadilika mchana, keshia amepokea kwa kiwango cha mchana. Mteja amelipa kwa simu, muuzaji amebofya pesa taslimu. Mfuko umerudishwa, fakitire haikurekebishwa. Vijana wawili wanatumia jina moja la kuingilia, lile lile la "admin" ambalo fundi aliliacha. Na upungufu wa kweli nao upo: mteja amelipa, amebeba mali, kisha mtu anafuta fakitire na kutia makuta mfukoni. Vile vya kwanza vinaweza kumwangushia keshia namba nyekundu jioni, na huu wa mwisho unaweza kuacha sanduku likilingana, upungufu ukibaki kwenye stoki tu. Mfumo ulionunuliwa ili kumlinda mwenye mali dhidi ya mwizi unaweza kumfukuza keshia mwaminifu na kumbakiza mwizi.

Kwa hiyo, iwe programu ya dukani au ya mtandaoni, fanya jaribio hili mbele ya muuzaji kabla ya kuzungumza bei. Mwombe atoe fakitire, aifute, kisha akuonyeshe ilikobakia: nani aliifuta, saa ngapi, ilikuwa ya kiasi gani. Ikiwa imetoweka bila alama, mshukuru na umsindikize mlangoni. Mwombe pia afunge siku kwa mafungu: faranga peke yake, dola peke yake, M-Pesa, Airtel Money na Orange Money kila moja peke yake. Programu inayotoa jumla moja tu ya vyote hivyo haikutengenezwa kwa ajili ya Lubumbashi, hata kama iko kwa Kifaransa safi.

Programu ya mtandaoni

Kwa depo mbili, hakuna mashindano. Ruashi ikiuza mabati ya mwisho, Kenya inajua. Mwenyewe akiwa Dar es Salaam anafungua simu na kuona mafuta yamebaki makopo mangapi kabla hajaagiza mengine. Nakala za akiba na masasisho ni kazi ya wenye programu. Mwanzo ni mwepesi kwa mfuko, kwa sababu hununui seva wala leseni nzima, ila malipo hayana mwisho. Yanakatwa kwa dola kwenye kadi, na siku kadi ikikataliwa mlango unafungwa ukiwa nje. Uliza: nikiacha kulipa, nitapata data yangu kwa siku ngapi, na kwa faili la namna gani? Kumbuka ile miaka kumi ya OHADA.

Kisha mtandao. Uchaguzi ulifanyika 30 Desemba 2018. Kesho yake intaneti ilikatwa nchini, na ikarudi baada ya karibu wiki tatu. Biashara isiyoweza kutoa fakitire wiki tatu haipo tena. Zipo programu zinazoendelea kuuza bila mtandao na kupeleka mauzo mtandao ukirudi, na zipo zinazodai hivyo kwenye tangazo tu. Zima data kwenye simu, uza vitu kumi, toa risiti, washa data, halafu angalia kama vyote kumi vimefika na stoki imepungua sawasawa. Ukiwa na watu wawili, uzeni kitu kilekile cha mwisho wote mkiwa bila mtandao na mwone programu inaamua nini. Tangu Starlink ilipopewa kibali mwaka 2025 wenye uwezo wana njia ya pili ya intaneti, lakini agizo la kuzima mtandao likitoka, nayo inafanya kazi kwa kibali.

Na data ya mtandaoni inakaa kwenye jengo la mtu. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, kilishika moto na jengo moja zima likateketea. Tovuti nyingi zilizimika, na wako wateja waliogundua siku hiyo kwamba nakala zao za akiba nazo zilikuwa pale pale Strasbourg. Kwa hiyo hata huku, mara moja kwa wiki, mtu wa depo apakue faili la mauzo, wateja na stoki, na lihifadhiwe nyumbani.

Jambo la mwisho, dogo kwa maneno na kubwa kwa hasara: kijana aliyeacha kazi Ijumaa bado ana programu kwenye simu yake Jumatatu. Anaona bei zako za kununua, anaona wateja wako na simu zao, na huenda yuko kwa jirani yako. Tangu sheria ya dijitali ya 13 Machi 2023, habari za wateja zina ulinzi wa kisheria na wewe ndiye unayeulizwa. Kumfungia mtu mlango kunachukua dakika moja, lakini lazima awepo mwenye kazi hiyo.

Mfumo wa tano, ambao hakuna aliyeuchagua

Depo yetu tayari ina mfumo mwingine, WhatsApp na namba ya pesa za simu. Oda zinaingia kwa ujumbe wa sauti, picha za mali zinapelekwa humo, bei zinapatanwa humo. Mwulize mwenye depo laini ile imeandikishwa kwa jina la nani. Mara nyingi ni ya muuzaji, kwa sababu siku ile ilikuwa haraka na kitambulisho chake ndicho kilichokuwa karibu. Akiondoka, wateja wanaondoka naye, na pesa iliyoingia jioni hiyo iko kwenye laini yenye jina lake. Kabla ya kununua programu yoyote kati ya zile, laini iandikishwe kwa jina la biashara au la mwenye mali. Kwa kazi hiyo fundi hahitajiki.

Ningechagua nini

Meza moja sokoni, kaye na picha ya jioni. Depo moja, mwenye mali yupo kila siku, wateja wa rejareja: programu ya dukani iliyo nyepesi, betri ya akiba, diski mbili, Excel ibaki kwa maswali ya mwisho wa mwezi. Anayetafuta kazi za migodi achukue programu kamili ya hesabu pamoja na mhasibu wa kweli, na akiwa na uwezo wa kimoja tu kati ya hivyo viwili, amchukue mhasibu.

Depo yetu ya Kenya na Ruashi, yenye mwenyewe asiyekaa, ningeipa programu ya mtandaoni, kwa sharti kwamba imeshinda lile jaribio la kuzima data na lile la kufuta fakitire. Ikishindwa moja, ningerudi kwenye programu ya dukani kwa kila depo na mdogo wake alete faili kila jioni, ingawa ni kazi ya kuchosha. Bei zilinganishwe kwa miaka mitatu, siyo kwa mwezi wa kwanza: pamoja na betri, mega, mafunzo, siku za fundi, na saa za mhasibu za kusahihisha. Mara nyingi ya bei rahisi inapanda na ya bei kali inashuka kidogo.

Tarehe ya kubadili nayo ni uamuzi. Hershey, kampuni ya chokoleti ya Marekani, iliwasha mfumo wake mpya Julai 1999, oda za Halloween zikiwa zinaingia. Mali ilikuwepo kwenye maghala, lakini oda za zaidi ya dola milioni 100 zilishindwa kupelekwa. Kwetu usiguse Agosti na Septemba watoto wanaporudi shule, wala Desemba. Februari mvua bado inanyesha, wajenzi wamepunguza kasi, kaunta ina nafasi ya kukosea. Wiki nne kaye na programu ziende pamoja, jumla zilinganishwe kila jioni, na zikitofautiana asikatwe mtu mshahara mpaka sababu ipatikane. Ruashi ianze baada ya Kenya kumaliza mwezi mzima bila tofauti isiyoelezeka.